Mswada Bila Mshenga: Mwandishi wa Riwaya ya Kiswahili na Njia ya Kumfikia Mchapishaji

Utangulizi

Mwezi wa Juni 1962 mambo mawili yalitukia Afrika Mashariki ambayo aghalabu husimuliwa mbalimbali, kana kwamba hayahusiani. La kwanza ni kongamano la waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza, lililokutana katika Chuo cha Makerere, Kampala. La pili ni kifo cha Shaaban Robert. Katika kongamano lile mwanafunzi mmoja, ambaye wakati huo alijulikana kama James Ngugi, alipata nafasi ya kumwonyesha Chinua Achebe mswada wake. Achebe aliusoma, akaupendekeza kwa Heinemann, na mwaka wa 1964 riwaya ya Weep Not, Child ikatoka katika mfululizo wa African Writers. Kwa upande wa pili, Shaaban Robert hakuwa miongoni mwa walioalikwa Makerere, maana kigezo cha mwaliko kilikuwa lugha ya Kiingereza. Alipofariki aliacha miswada ambayo haijapata kuchapishwa. Kufikirika, ambayo inaaminika iliandikwa mwaka wa 1946, ilitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968. Mwandishi hakuziona.

Hatuwezi kudai kwamba tofauti ya hatima hizi mbili inatokana na vipawa. Wala hatuwezi kusema kwamba Shaaban Robert hakujulikana na wachapishaji, kwani kazi zake nyingine zilikwisha kuchapishwa London, Nairobi na hata Johannesburg. Kilichokuwapo Makerere, na ambacho mwandishi wa Tanga alikikosa, ni mtu wa tatu: mtu anayesimama kati ya mwandishi na mchapishaji, akausemea mswada kwa niaba ya aliyeuandika.

Nia ya makala haya ni kumtafuta mtu huyo wa tatu katika historia ya riwaya ya Kiswahili. Huko Ulaya na Marekani mtu huyo ana jina na ofisi: ni wakala wa mwandishi. Katika Afrika Mashariki wakala wa namna hiyo hakupata kuota mizizi. Hata hivyo, kazi yake haikukosa watendaji. Ilifanywa na kamati, na idara, na mashindano, na wahariri, na mitaala ya shule. Hoja yetu ni kwamba kila mmoja wa watendaji hao alikuwa na bwana mwingine asiyekuwa mwandishi, na kwamba jambo hilo limeacha alama si katika maisha ya waandishi tu bali katika riwaya zenyewe. Ikiwa ni hivyo, basi mhakiki anayeisoma riwaya bila kuuliza ilipita mlango gani anaisoma nusu.

Wakala, dalali na mshenga

Inafaa tuanze na istilahi. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kumtaja mtu wa kati. Wakili na wakala ni maneno yatokayo katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kukabidhi: mtu amekabidhiwa jambo la mwenzake na analitenda kama kwamba ni yeye. Dalali ni mtu mwingine. Kazi yake ni kumwonyesha mnunuzi bidhaa na muuzaji bei, naye hupata ujira wake mradi biashara imekwisha, amefaidika nani au amepunjika nani. Kisha yuko mshenga. Mshenga hutumwa na upande mmoja, hupeleka posa, hurudi na jibu, na heshima yake hutegemea jinsi alivyomsemea aliyemtuma.

Wakala wa mwandishi, kama taasisi, amechanganya sifa za watu hawa watatu. Amekabidhiwa kama wakili, hulipwa kwa asilimia kama dalali, na hutumwa na upande mmoja kama mshenga. Sifa hii ya tatu ndiyo ya msingi. Mhariri wa kampuni anaweza kumpenda mwandishi kwa dhati, lakini mshahara wake watoka kwa mchapishaji. Wakala hupata riziki pale tu mwandishi anapopata. Tukilishika jambo hili tutaona kwamba swali la nani alimpokea mwandishi wa Kiswahili ni jepesi kuliko swali la nani alitumwa naye.

Wakala alizaliwaje?

Ili tuelewe kwa nini wakala hakutokea kwetu, ni vyema tuangalie kwa ufupi sababu zilizomzaa kwingineko. Wakala wa kwanza mwenye kujulikana ni A. P. Watt, Mskoti aliyeanza shughuli hiyo mjini London kati ya miaka ya 1870 na 1880, akatoza asilimia 10 ya mapato ya mwandishi. Miongoni mwa waliomkabidhi kazi zao ni Rudyard Kipling na H. Rider Haggard.

Kisa cha Haggard kabla ya kumpata Watt kinafaa kutajwa. Mwaka wa 1885, alipokuwa akipatana na kampuni ya Cassell juu ya King Solomon's Mines, aliwekewa mezani njia mbili: auze haki zote kwa pauni 100, au apokee pauni 50 za kutangulizia na mrabaha wa asilimia 10. Alikwisha kukubali zile 100. Mhariri alipotoka chumbani, karani mmoja aliyekuwa ameketi pembeni alimnong'oneza kwamba, lau angekuwa yeye, angechagua mrabaha. Haggard alibadili shauri. Kitabu kiliuzwa makumi ya maelfu ya nakala katika mwaka wa kwanza. Karani yule kwa dakika moja alikuwa wakala: alijua bei, na aliusema ukweli kwa faida ya upande wa mwandishi. Kazi ya Watt ilikuwa kuugeuza mnong'ono ule kuwa taaluma.

Lakini taaluma haizaliwi kwa wema tu. Katika miaka ile riwaya moja ya Kiingereza iliweza kuuzwa mara nyingi. Ilikuwa na haki ya kuchapishwa kwa mfululizo katika jarida, haki ya kitabu, haki ya toleo la makoloni, na baada ya sheria ya Marekani ya 1891 kuwapa waandishi wa nje ulinzi wa hakimiliki, haki ya soko la Marekani. Mwandishi hakuweza kuzifuatilia haki zote hizo huku anaandika. Wachapishaji nao walikuwa wengi wenye kushindana, kwa hiyo mswada uliokataliwa na mmoja uliweza kupelekwa kwa wa pili na wa tatu. Wakala alizaliwa palipokuwa na haki nyingi za kugawanya na milango mingi ya kubisha. Si ajabu kwamba baadhi ya wachapishaji walimchukia. William Heinemann, mwanzilishi wa kampuni iliyobeba jina lake, alikuwa mmoja wa wapinzani wakali wa mawakala katika miaka ya 1890.

Mfano wa Joseph Conrad waonyesha upande mwingine. Conrad, Mpolandi ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Almayer's Folly, mwaka wa 1895 bila wakala. J. B. Pinker alipomwendea mwaka wa 1899, Conrad alimwonya kwamba namna yake ya kuandika haikuwa ya kibiashara. Pinker alimpokea hata hivyo, akamkopesha fedha mwaka hata mwaka, mpaka deni likapita pauni 1,500. Mwaka wa 1910 waligombana vibaya. Faida ya kweli haikupatikana hadi Chance ilipotoka kama kitabu mwaka wa 1914. Kwa takriban miaka 14, basi, mtu mmoja alibeba gharama ya mwandishi ambaye soko lilikuwa halijamtambua. Hatusemi kwamba Pinker alikuwa mfadhili. Alikuwa mfanyabiashara aliyeamini kwamba bidhaa itapata bei. Ila imani yake ilikuwa juu ya mwandishi, haikuwa juu ya kitabu kimoja, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo tukirudi kwetu.

Kamati na muhuri

Nathari ya kubuni ya Kiswahili kilichosanifishwa ilianza kwa tafsiri, na tafsiri mojawapo iliyotangulia ni Mashimo ya Mfalme Sulemani ya mwaka wa 1929, yaani riwaya ile ile ya Haggard iliyookolewa na karani. Mfasiri wake, Frederick Johnson, ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili alipokea riwaya iliyokuwa imekwisha kupita katika mfumo wa mrabaha na mawakala, bila ya mfumo wenyewe kuja pamoja nayo. Badala yake ulikuja muhuri.

Kamati ilipewa jukumu la kusanifisha tahajia na sarufi, na kuvisahihisha vitabu vilivyokusudiwa shule kabla ya kuvipa kibali. Kibali hicho ndicho kilichofungua soko, maana soko lilikuwa shule. Kwa miaka mingi wajumbe wa Kamati walikuwa Wazungu. Waafrika hawakuanza kushiriki vikao vyake hadi miaka ya 1940. Baadaye Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mjumbe. Kamati ilikuwa na wataalamu wa kweli na iliacha kazi kubwa, lakini katika suala linalotuhusu haikutumwa na mwandishi. Ilitumwa na serikali za makoloni ziihakikishie lugha umoja. Swali lake la kwanza mbele ya mswada lilikuwa usanifu, na swali la mwandishi atalipwa nini halikuwa lake.

Njia nyingine ya wakati huo ilikuwa misheni. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, kazi ambayo wengi huitaja kama utangulizi wa riwaya ya Kiswahili, ilichapishwa London na Sheldon Press mwaka wa 1934. Sheldon Press ilikuwa tawi la shirika la Kianglikana la kueneza maarifa ya Kikristo. Mbotela alitoka katika jamii ya Freretown, Mombasa, ambayo misheni ilikuwa imewakusanya watumwa walioachwa huru. Wahakiki wamekwisha kumlaumu kwa jinsi anavyowasawiri Waingereza kama wakombozi na Waarabu kama watesi. Lawama hiyo ina msingi, lakini ni haki tuongeze jambo moja: palikuwa na mlango gani mwingine? Mswada wenye hadithi hiyo uliokuwa na msimamo tofauti ungepelekwa kwa nani mwaka wa 1934? Itikadi ya riwaya na njia yake ya kuchapishwa haziwezi kutenganishwa kirahisi.

Shaaban Robert naye alipita milango kadha wa kadha. Maisha Yangu na Kusadikika zilitoka kwa Thomas Nelson, Adili na Nduguze kwa Macmillan, Kielezo cha Insha kwa chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka wa 1954. Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizochapishwa Dar es Salaam mwaka wa 2002, zatukumbusha kwamba nyuma ya orodha hii palikuwa na mtu mmoja aliyeajiriwa serikalini, aliyeandika baada ya saa za kazi na kuendesha mwenyewe mambo yake na wachapishaji walio mbali. Sifa kubwa ya mwandishi huyu imetufanya tuusahau uchovu huo. Tunamsoma kama mwalimu wa umma, nasi hatujiulizi jinsi umma ulivyopewa baadhi tu ya kazi zake akiwa hai.

Shindano linalotambua mswada

Mwaka wa 1948 serikali za Afrika Mashariki ziliunda East African Literature Bureau, chini ya uongozi wa Charles Richards. Katika historia yetu hiki ndicho chombo kilichokaribia zaidi kazi ya wakala. Kiliwatafuta waandishi, kikasoma na kuhariri miswada, na mingine kikaipeleka kwa kampuni za biashara. Kile ambacho kampuni hazikukitaka kiliweza kuchapishwa na chombo chenyewe. Mwandishi wa Kisumu au Unguja aliweza kutuma bahasha kwa posta na kupata jibu kutoka kwa mtu aliyeajiriwa kusoma bahasha kama hizo. Jambo hilo si dogo.

Tunda mashuhuri la juhudi hizo ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la hadithi la 1957–58 na kuchapishwa mwaka wa 1960. Ni vyema wahakiki wakumbuke asili hiyo. Riwaya ya upelelezi, yenye Bwana Msa na kiko chake, haikuwa na mahali dhahiri katika ratiba ya shule. Shindano liliipa nafasi ambayo muhuri wa Kamati pengine usingeipa, kwa sababu wasomaji wa shindano huulizwa ipi imewavutia, hawaulizwi ipi inafaa kufundishia. Tunaweza kusema basi kwamba kila mlango una tanzu zake.

Hata hivyo shindano lina kikomo chake. Shindano humtambua mswada, halimtambui mwandishi. Likiisha kutoa tuzo limemaliza kazi. Riwaya ya pili ya Abdulla, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka wa 1968, miaka minane baada ya ile ya kwanza, tena kwa mchapishaji mwingine, Evans. Ndipo East African Publishing House ilipomchukua, na kati ya 1973 na 1976 zikatoka nne mfululizo: Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa. Mwandishi aliyekuwa na uwezo wa kutoa riwaya nne katika miaka minne hakuwa mvivu katika ile miaka minane. Pinker angalimwuliza Abdulla mwaka wa 1960 swali ambalo shindano halikumwuliza: unaandika nini sasa?

Makerere: mlango wa Kiingereza

Sasa twaweza kurudi Makerere. Achebe mwenyewe alikuwa ameionja hatari ya kukosa mtu. Mwaka wa 1957 aliupeleka mswada wa Things Fall Apart, nakala pekee iliyoandikwa kwa mkono, kwa kampuni moja ya kupiga chapa mjini London. Alilipa pauni 22, kisha akakaa miezi bila jibu. Mkubwa wake kazini katika shirika la utangazaji la Nigeria, aliyekuwa akienda Uingereza likizo, alikwenda mwenyewe ofisini kwao kudai. Mswada ulipatikana, na mwaka wa 1958 Heinemann ikauchapisha kwa nakala 2,000. Tunapotafakari kwamba riwaya iliyosomwa zaidi katika bara letu ilisalimika kwa sababu mtu fulani alibisha mlango, tunaona jinsi nafasi ya mtu wa tatu ilivyo nzito.

Miaka minne baadaye, akiwa mshauri wa mfululizo mpya wa Heinemann, Achebe alimfanyia Ngugi kile alichofanyiwa. Lakini tuangalie sura ya jambo hilo. Mfululizo ulisimamiwa London, ulitafuta riwaya za Kiingereza, na mshauri wake alikuwa mtumishi wa mchapishaji kwa hadhi hata kama moyo wake ulikuwa kwa waandishi. Kampuni ambayo mwanzilishi wake aliwapinga mawakala ilijenga barani Afrika utaratibu mzuri usiowahitaji: mwandishi humleta mwandishi. Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili haukuwapo mfano wake mwaka wa 1962, na Kufikirika ikabaki sandukuni kwa miaka mitano zaidi.

Wahariri, mpaka na mtaala

Baada ya uhuru nyumba za uchapishaji za wenyeji zilianzishwa: East African Publishing House, Nairobi, mwaka wa 1965, na Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, mwaka wa 1966. Hiki ndicho kipindi cha mhariri. Henry Chakava aliyejiunga na Heinemann ya Nairobi mwaka wa 1972, na Walter Bgoya aliyeiongoza Tanzania Publishing House tangu mwaka huo huo, walitenda mengi yanayotarajiwa kwa wakala bila kuitwa hivyo. Katika miaka hiyo tulipata Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, Ukiwa ya Katama Mkangi, Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli za Adam Shafi. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka wa 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975 na Gamba la Nyoka 1979.

Mafanikio hayo yalikuwa na udhaifu uliojificha. Kezilahabi na Abdulla walikuwa raia wa Tanzania, na riwaya zao nyingi zilichapishwa na mashirika yenye makao Nairobi. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wa nchi hizi mbili ulifungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na East African Literature Bureau pamoja nayo. East African Publishing House nayo ilififia na kutoweka katika muongo uliofuata. Mwandishi wa Unguja au Dar es Salaam alikuta vitabu vyake viko upande wa pili wa mpaka ambao biashara ya kawaida haikuweza kuuvuka. Hapa ndipo wakala angalikuwa na kazi ya dharura: kudai haki zirejeshwe, kutafuta mchapishaji wa pili, kuuliza hesabu za mrabaha. Haki nyingi zilibaki kwenye makabati ya mashirika yaliyokuwa yanakufa, na riwaya zikapotea madukani wakati ule ule tulipokuwa tukizitungia mitihani.

Wengine waliamua kuwa wachapishaji wao wenyewe. Elvis Musiba alizitoa riwaya zake za kijasusi kupitia Continental Publishers aliyoianzisha, na Ben Mtobwa, mwandishi wa Dar es Salaam Usiku, alianzisha Heko. Wahakiki wamewaweka waandishi hawa katika fungu la fasihi pendwa na kuwaacha hapo. Kwa mtazamo wa makala haya walikuwa jambo jingine: waandishi waliokataa kungoja mlango ufunguliwe, wakalipa gharama ya kuwa dalali, wakili na mshenga wa nafsi zao.

Nchini Kenya mlango mkuu ukawa mtaala. Mfumo wa 8-4-4 wa mwaka wa 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na tangu hapo ndoto ya mwandishi wa riwaya imekuwa kuteuliwa. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, na Kidagaa Kimemwozea ya mwandishi huyo huyo, zilifikia maelfu kwa maelfu ya wasomaji ambao soko huria lisingewaleta. Hatuna haja ya kuubeza mlango huu. Lakini nao una bwana wake. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa jinsi ilivyoyataja mambo ya mwili, ingawa baadaye ilikubaliwa. Na kila mwandishi aliyefuata aliijua habari hiyo alipokaa mezani. Nagona na Mzingile, riwaya fupi zilizovunja kanuni za usimulizi, zilitoka mwaka wa 1990 na 1991 kwa chapa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Si bahati nasibu kwamba majaribio hayo yalipitia mlango wa wanazuoni.

Kwa nini wakala hakutokea

Yamkini msomaji atauliza: kama pengo ni kubwa hivyo, kwa nini hakuna aliyeliziba? Tufanye hesabu ya kukisia. Riwaya ikiuzwa kwa shilingi 400, na nakala 3,000 zikamalizika, mrabaha wa asilimia 10 ni shilingi 120,000. Wakala anayetoza asilimia 15 hupata 18,000, na pengine azingoje miaka mitatu. Angehitaji waandishi wengi wa namna hiyo ili alipe kodi ya chumba kimoja mjini. Riwaya ikiteuliwa kuwa kitabu cha mtihani fedha zitakuwa nyingi, lakini uteuzi haufanywi kwa mapatano ya bei, kwa hiyo wakala hana cha kupatana. Haki nyingine zilizomlisha Watt, za majarida, tafsiri na nchi za nje, kwetu zimelala. Palipo na haki moja na mnunuzi mmoja, wakala hana riziki. Kukosekana kwake hakutokani na ujinga wa waandishi wala ukatili wa wachapishaji. Kunatokana na umbo la soko.

Matukio ya miaka ya karibuni yathibitisha hoja hii kwa njia ya kinyume. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka wa 1948, alichapisha riwaya yake ya kwanza London mwaka wa 1987 na Paradise mwaka wa 1994. Baada ya kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2021, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilichapishwa Dar es Salaam mwaka wa 2022. Riwaya iliyolowa Kiswahili ilirudi katika Kiswahili kutoka London. Njia ya Rosa Mistika ya kwenda nje ilikuwa ndefu zaidi: tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka Marekani mwaka wa 2025, miaka 54 baada ya toleo la kwanza na miaka mitano baada ya kifo cha mwandishi. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka wa 2014, imefufua shindano kama mlango wa miswada, nayo yastahili pongezi. Lakini swali la Abdulla linabaki pale pale.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya riwaya ya Kiswahili ni pia historia ya milango na mabawabu wake. Muhuri wa Kamati ulitafuta usanifu, misheni ilitafuta maadili yake, shindano lilitafuta mswada bora wa mwaka, mhariri alitafuta kitabu cha kuitunza nyumba yake, na mtaala unatafuta kitabu cha kufundishia. Kila mmoja ametupa kazi tunazozithamini. Hakuna hata mmoja aliyetumwa na mwandishi.

Mambo mawili yanafuata kutokana na hayo. La kwanza lahusu uhakiki wetu. Tunapoeleza ufupi wa riwaya zetu, wingi wa mafunzo ndani yake, au haya zake mbele ya mambo ya mwili, tumezoea kutafuta sababu katika fasihi simulizi, dini au itikadi ya mwandishi. Sababu hizo zipo. Lakini kabla ya kuzitaja tuulize kwanza mswada ulikusudiwa mlango gani. La pili lahusu wajibu wa idara zetu. Barua za wahariri, ripoti za wasomaji wa miswada na mikataba ya mashirika yaliyokufa ni sehemu ya fasihi kama vile matoleo ya kwanza yalivyo, na mwanafunzi wa uzamili atakayezitafuta kabla hazijaliwa na mchwa atakuwa ameifanyia taaluma hii kazi kubwa kuliko uchambuzi mwingine wa wahusika wa Kusadikika. Hali kadhalika, mwandishi chipukizi anayetuletea mswada ofisini ili tuusome anatutaka tuwe mshenga wake kwa siku moja. Tukimrudishia baada ya miaka miwili bila neno, tunajua sasa yatokanayo: miswada ya Shaaban Robert ilingoja, naye hakuwapo ilipofunguliwa.